Mkate wa Kujengea Choo

Wiki iliyopita nilishuka stendi ya Ruangwa na begi moja na njaa ya safari nzima, na kabla sijaita bodaboda pua ikanisimamisha. Kijana mmoja alikuwa anakaanga soseji, na pembeni yake, kwenye kikaango kikavu, korosho zilizopondwa zilikuwa zinaanza kubadilika rangi. Harufu hizo mbili zikikutana mimi si mtu mzima tena, wala sina kazi wala watoto. Nilikuwa naenda kwenye arobaini ya baba yangu, na haikuwa siku ya kusimama simama njiani, lakini nilisimama. Kijana akanipasulia mkate, akalaza soseji, akamwaga korosho na kabichi na kitu cheupe cha chupa. Akaniuliza, "Vipi dada, iko poa?" Nikamwambia ni nzuri sana. Nilikula nusu, nyingine nikaifunga kwenye karatasi nikaendelea na safari.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kusema ninachokijua. Tabia hiyo ninayo tangu utoto, na wako watakaokwambia ndiyo iliyonichelewesha kuolewa. Hayo tuyaache. Ninachotaka kusimulia ni siku ambayo tabia hiyo ilimfungia biashara mwanamke aliyekuwa anajua kupika kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na mimi nikiwa na umri wa kukaa kwenye tangi la pikipiki.

Baba alikuwa fundi pikipiki Ruangwa mjini. Kila baada ya majuma mawili, Jumamosi, alikwenda Nachingwea kufuata vipuri, na alinichukua mimi kwa sababu, alisema, mtu akisafiri na mtoto trafiki wanamwonea haya. Alinikalisha mbele yake juu ya tangi, kitambaa cha mama kimenifunga pua na mdomo, na tukifika Nachingwea nyusi zangu zilikuwa nyekundu kama za mzee aliyepaka hina. Mama alilalamika kila mara. Baba alimjibu kwamba vumbi si ugonjwa, huoga likatoka.

Baba hakuvuta sigara, hakukaa kwenye kahawa, na mpira aliusikiliza redioni kwa sauti ndogo kama mtu anayeiba. Anasa yake ilikuwa moja, mkate wa soseji. Popote alipoona mkate umepasuliwa katikati na soseji imelazwa ndani, alizima pikipiki. Ruangwa kulikuwa na kijana nyuma ya soko aliyetia kabichi, nyanya na chipsi zilizosagwa. Tukienda Naipingo kwa shangazi, kulikuwa na mama mmoja, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji, aliyetia pilipili kichaa iliyolala kwenye ndimu mpaka machozi yanakutoka kabla hujatafuna. Baba aliwaambia wote, kwa heshima kabisa, "Asante, nzuri sana," na wote aliwaachia nusu. Mimi ndiye niliyekuwa namalizia hizo nusu, ndiyo maana nakumbuka.

Halafu kulikuwa na Bi Somoe wa Nachingwea.

Kibanda chake kilikuwa njia ya kutokea sokoni, mabati manne na mabenchi mawili, na juu ya mlango kibao alichoandika mwenyewe kwa rangi ya buluu: HOTIDOGI NA VIKOROMBWEZO. Ujanani alifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Dar es Salaam. Huko aliona wageni wanavyokula mkate na soseji na mchuzi mwekundu wa chupa, basi, kila siku vilevile, na akawaonea huruma. Aliporudi kwao alikuja na wazo kwamba soseji ni kama mgeni, humwachi akae peke yake, unamtafutia watu wa kukaa naye. Watu hao akawatafuta hapahapa. Embe mbichi iliyokunwa ikachanganywa na chumvi na pilipili, juu yake korosho zilizopondwa moto moto kutoka kikaangoni. Mbaazi za nazi zilizopikwa mpaka zimekuwa nzito za kupaka. Ufuta na asali. Bilinganya iliyochomwa kwenye makaa ikamenywa na kupondwa na kitunguu. Na achari ya mabibo, yale matunda ya mkorosho ambayo kwetu watu huyakamua pombe au huyaacha yaoze chini, yeye aliyakata vipande, akayaloweka kwenye siki na sukari na tangawizi, yakatoka makali na matamu kwa pamoja na ukakasi wote umekwisha. Nimekula mahali pengi tangu wakati huo, na penye vitambaa vya meza. Sijamwona mtu mwingine aliyeliokota bibo chini akaliona ni chakula cha heshima.

Kitu kingine, hukuagiza. Ulikaa kwenye benchi, Bi Somoe akakutazama usoni, akaamua. Mkulima aliyetoka kupalilia alipewa mbaazi. Mwalimu aliyechoka alipewa bilinganya. Bibi harusi mmoja alikuja na mashoga zake siku tatu kabla ya ndoa, akapewa ufuta na asali, akala huku analia, na Bi Somoe akamwambia, "Lia hapa, ukifika kule usilie." Mimi na baba tulipewa embe na korosho, kila mara, bila kuulizwa.

Na hapo ndipo vita ilipoanzia, kila mara, bila kukosa.

"Bi Somoe," baba alianza akiwa bado hajakaa vizuri, "mkate huu nikipata saruji nitajengea choo."

"Jenga, Mmwera. Kwenu mlikuwa mnajisaidia wapi siku zote?"

"Na hizi embe umeokota makaburini. Nimeona moja ina udongo wa kaburi."

"Kula unyamaze. Watu mliokuzwa kwa ming'oko, mtajua embe nyie?" Ming'oko ni mizizi ya porini, watu huichimba wakaichemsha, na kwa kweli kwetu tulikuwa tunaila.

"Na maji unayooshea, umechota kwenye dimbwi la vyura. Kuna chura nimemwona anamtafuta mwenzake humu kwenye kachumbari."

"Ukimpata usimle, ni wangu."

Walisemana hivyo bila kucheka, nyuso kavu, baba akitafuna na Bi Somoe akigeuza soseji. Mimi niliacha kutafuna nikawatazama. Nyumbani baba alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwahi kumtukana hata mbuzi. Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi lile nikafikiri, na akili yangu ya mtoto ikapata jibu lililoonekana halina kasoro: Bi Somoe hajui kupika, baba yangu ni mtu mkweli, na kwa miaka yote hii anamwambia ukweli kwa matumaini kwamba siku moja atajirekebisha. Wale wa Ruangwa na Naipingo walikuwa wanajua kupika, ndiyo maana aliwaambia nzuri sana.

Jibu hilo lilinitesa, kwa sababu mimi mkate wa Bi Somoe niliupenda. Niliupenda kiasi kwamba tukirudi nyumbani nilikuwa sinawi mkono wa kulia mpaka mama anikamate, ili nikijifunika shuka niunuse. Nikahitimisha kwamba ulimi wangu ni mbovu. Wengine huzaliwa na jicho bovu au mguu mfupi, mimi Mungu alinipa ulimi usiojua kizuri na kibaya. Sikumwambia mtu. Niliuficha ulemavu wangu nikawa nakula huku nimekunja uso, ili nifanane na baba.

Mtu wa kwetu anayesoma hapa keshajua. Baba ni Mmwera, Bi Somoe ni Myao, na Mmwera na Myao ni watani, na watani wana haki ya kusemana chochote bila mtu kukasirika. Mimi pia nililijua neno utani, lakini nililijua la msibani. Nilikuwa nimeona watani wakija kwenye matanga wamejipaka majivu, wakimwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, wakizuia jeneza mpaka wapewe kitu. Nilidhani utani ni kazi ya msiba, kama kuchimba kaburi. Hakuna aliyeniambia kwamba unaweza kufanyika Jumamosi mchana juu ya mkate.

Msimu wa minada ya korosho ulifika. Wakulima walikuwa wamelipwa, Nachingwea ilijaa watu waliokuja kununua mabati na magodoro, na kila aliyekuja alikula. Bi Somoe alikuwa na hamu ya kitu kimoja msimu ule, friza. Soseji zake zilikuja kwa basi ndani ya boksi la barafu, na alizihifadhi kwenye friza ya duka la soda, mtaa wa pili. Zikimwishia alilazimika kuacha moto na kwenda kuzichukua. Alikuwa ametupigia hesabu hiyo safari iliyotangulia, mimi na baba tukiwa kwenye benchi: wiki moja ya mnada, wiki moja tu nzuri, na friza itakaa pale, alionyesha pembeni, na hatakwenda tena kwa mtu. Baba akamwambia ataweka wapi vyura. Lakini nilimwona akipima pembe ile kwa macho, kama fundi.

Siku yenyewe tulifika mapema. Baba akaniacha kwenye benchi akaenda dukani kwa vipuri. Bi Somoe akanipa ufagio mdogo wa chelewa nipunge nzi kwenye embe, akasema, "Binti, nilindie hapa, nafuata soseji, narudi sasa hivi," akajitwika beseni.

Hajafika mbali akaja mwanamume mwenye shati la mikono mirefu na kitabu kwapani. Alikuwa bwana afya, mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya mbali huko ziwani. Alisalimia vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo kwa sababu kwa muda mrefu nilitamani awe mbaya.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Amefuata soseji, anarudi."

"Wewe ni mwanawe?"

"Hapana, mimi wa Ruangwa. Nimekuja na baba. Huwa tunakula hapa."

Akachungulia ndoo ya maji. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na maji ya mji mzima yalikuwa na weupe weupe. "Maji haya anachota wapi?"

Nataka mnielewe. Madrasani, wiki ileile, ustadhi alikuwa ametukazania kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Na mimi nilikuwa nimeulizwa swali ambalo jibu lake nililijua kwa moyo, nimelisikia mara nyingi kuliko hesabu ya saba mara nane. Nikasimama, kama darasani.

"Kwenye dimbwi la vyura."

"Nani kakwambia?"

"Baba. Na embe anaokota makaburini."

Akaniangalia kwa muda. "Baba yako anasema hivyo kwa utani?"

Hapo ndipo ningeweza kumwokoa Bi Somoe. Lakini nilifikiri ananiuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, anasema kila tukija, na hata hacheki.

Bi Somoe aliporudi na beseni la soseji, mtu yule alikuwa anaandika. Alimweleza kwa upole kwamba maji yatapelekwa kupimwa, na mpaka majibu yatoke kibanda kifungwe. Bi Somoe akauliza kuna nini, nani amesema nini. Bwana afya akasema amepata taarifa. Hakunitazama, lakini mimi nilijitazama mwenyewe, nikatazama miguu yangu, na Bi Somoe akafuata macho yangu akaelewa yote. Niliona uso wake unavyoelewa. Nikasubiri kupigwa.

"Mtoto hajasema uongo," alimwambia yule bwana. "Amesema alichofundishwa."

Alianza kuondoa sufuria motoni moja moja. Embe zilikuwa zimekunwa tayari, korosho zimepondwa, na mikate arobaini ya asubuhi imekwisha kupasuliwa. Hakuvitupa. Aliwaita watoto waliokuwa wanapita kutoka sokoni akawapa, mkono kwa mkono, kila mmoja na cha kwake, na hata siku ile aliwatazama usoni kwanza. Na mimi alinipa wangu, embe na korosho, kama kawaida. Niliuweka mdomoni ukakaa. Haukushuka.

Baba alirudi na mnyororo mpya begani akakuta mlango wa bati umeegeshwa. Akaambiwa. "Bi Somoe," alisema, akaishia hapo.

"Nenda zako, Mmwera," alisema Bi Somoe. "Leo sina nguvu ya utani."

Nikalisikia lile neno. Hakukuwa na jeneza, hakukuwa na majivu, na mtu amesema utani.

Njiani baba alisimamisha pikipiki kwenye mikorosho, akaniteremsha, na mimi nikajua sasa ndiyo fimbo. Akakaa chini akaniuliza, "Yule ni kabila gani?"

"Myao."

"Na sisi?"

"Wamwera."

"Sasa?"

Nikalia. Nikamwambia nilidhani ni wa msibani. Baba akajishika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akaniambia, polepole, kama anayemfundisha mtu kufungua injini, "Ukinisikia namwambia mtu asante, nzuri sana, ujue naondoka. Ukinisikia namsema, ujue nimekaa." Akaniuliza, "Wewe ule mkate unauonaje?"

Nikamwambia ukweli wangu wa siri, kwamba mimi ulimi wangu ni mbovu, kwamba naupenda, kwamba nikirudi nyumbani sinawi mkono. Baba akatazama mkono wake mwenyewe. "Kumbe tuko wawili," alisema, akawasha pikipiki.

Jumatatu alifunga karakana akarudi Nachingwea, ofisini kwa bwana afya, akaeleza kwamba yeye ni Mmwera na yule ni Myao. Bwana afya alimsikiliza, akamwambia hata kwao watani wapo, na angependa kumsaidia, lakini maji yakishapelekwa kupimwa yamepelekwa. Majibu yalitoka siku ya sita tangu kibanda kifungwe. Maji yalikuwa safi kuliko ya mgahawa wa karibu na ofisi yao. Wakati huo wakulima walikuwa wamekwisha kurudi mashambani na mabati yao, mnada umekwisha, na ile pembe ya friza imebaki na ufagio.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda. Baba alikuwa amefunga kuku wawili nyuma ya pikipiki, maana mtani ukimkosea kupita kiasi unalipa, na malipo ya kawaida ni kuku. Bi Somoe alituona tangu mbali. Tulipofika alinyoosha mkono, akamvua baba kofia yake kichwani, akaitia ndani ya kanga kiunoni. Mtani akichukua kitu chako huwezi kukidai.

"Nimeleta kuku," baba alisema.

"Kuku wa Mmwera ana nini zaidi ya mifupa? Wafungue waende. Wewe simama pale barabarani. Umenisema vibaya mpaka serikali ikasikia. Leo nisifie mpaka serikali isikie."

Watu walikuwa wameanza kusogea, maana mji wote ulikuwa umeisikia habari. Baba yangu, kichwa wazi, akasimama katikati ya njia. Sijawahi kumwona mtu mzima amebanwa namna ile. Alikohoa. Akasema, "Jamani. Mkate upo."

Watu wakacheka. "Mkate upo hata dukani," alisema Bi Somoe kutoka jikoni. "Endelea."

"Soseji si mbaya."

"Kofia yako naitia kwenye mafuta."

Baba akatazama chini, akatazama pikipiki, akanitazama mimi. Alipofungua mdomo sauti yake haikuwa ya kupiga mnada, ilikuwa ya nyumbani, ya chini, na watu ilibidi wanyamaze ili wamsikie.

"Huyu mama," alisema, "namfuata kutoka Ruangwa, kila baada ya majuma mawili, mwaka wa tano sasa. Mke wangu anajua nafuata vipuri." Akasita. "Vipuri hata Ruangwa vipo."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa naitazama ile minyororo na plagi zote kichwani mwangu, safari zote, vumbi lote lile. Bi Somoe alikuwa ametupa mgongo, anageuza soseji ambazo zilikuwa hazijaiva hata upande mmoja. Aligeuza, akageuza tena. Kisha akatoka na kofia, akaipangusa kwenye kanga, akamvalisha baba mwenyewe.

"Faini imekwisha," alisema. "Kaeni mle."

Baba akakaa, akauma, akatafuna. "Bi Somoe," alisema, "mkate huu nikipata saruji."

Friza ilikuja msimu uliofuata, na baba ndiye aliyeipakia kwenye guta na kuipanga pembeni kwa vipimo vyake. Lakini ule mwaka mmoja wa kwenda mtaa wa pili na beseni kichwani uliongezwa na mimi, na Bi Somoe hakuwahi kunikumbusha. Ndiyo sababu nilijiwekea sheria. Sikumsema vibaya tena. Nilipokua, nikasoma, nikaondoka, kila niliporudi nilimpitia na kumsifia: Bi Somoe ni nzuri, Bi Somoe hakuna kama wewe. Alinisikiliza kwa adabu. Mara nyingine alimtazama baba kama anayeuliza mtoto huyu amekuwaje. Nilidhani nalipa. Sikujua kwamba kila niliposema nzuri sana nilikuwa nasimama mlangoni, kama anayeondoka.

Baba alipofariki, mvua ilikuwa imekata barabara na Bi Somoe hakuwahi mazishi. Alikuja kwenye arobaini, wiki iliyopita. Dua ilikuwa imekwisha na sinia za pilau zimeanza kuzunguka alipoteremka kwenye bodaboda, mzee sasa, mguu mmoja hauendi vizuri, amepakata kifurushi cha kitambaa. Hakusalimia mtu. Aliingia ndani moja kwa moja, akatoka na kofia ya baba kichwani mwake, mikono nyuma, kifua mbele, akawa anatembea uani kama baba anavyokagua pikipiki, anapiga teke tairi ambalo halipo. Shangazi zangu walicheka mpaka wakashikana. Ilikuwa siku ya kwanza watu kucheka ndani ya nyumba ile tangu msiba.

Halafu akaja akasimama mbele yangu. Akafungua kitambaa. Embe na korosho.

"Mwenye kazi hii amelala," alisema. "Haya. Nani ananisema?"

Nikauma. Mkate ulikuwa umekauka kidogo kwa safari, lakini embe ilikuwa embe yake. Nikasema kile ninachokisema siku zote. "Bi Somoe, ni nzuri."

"Baba yako alinisifia mara moja tu," alisema, "na siku hiyo nilikuwa nimemtoza faini." Hakuondoka. "Miaka yote hii, binti. Usiniache hivi."

Nikatazama chini. Nikameza. Maneno yalikuwa palepale nilipoyaacha nikiwa mtoto na ufagio wa chelewa mkononi, na nilikuwa nimeyaogopa tangu siku ile.

"Bi Somoe," nikasema, na sauti ikatoka ya baba, "mkate huu tukipata saruji tutajengea choo."

Akafunga macho. Alikaa chini kwenye mkeka, taratibu, akanyoosha ule mguu, akavua kofia akaiweka mapajani mwangu. "Haya," alisema. "Sasa nimefika."

Nilikula wote, mpaka kipande cha mwisho, nikalamba vidole mbele za watu. Yalipoletwa maji ya kunawa, niliyapisha yakaenda kwa jirani.